Rangi za Moto na Nguvu ya Cheche: Majaribio Yanayowafaa Vijana wa Kasulu na Kibondo

Hadi mwaka 2022 umeme wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mwaka huo wilaya hizo ziliunganishwa na Gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi, na majenereta yakazimwa. Mabadiliko hayo yamezungumzwa sana kwa upande wa biashara: mashine za kusaga, friji za vinywaji, karakana za mageti. Upande wa elimu haujapewa nafasi yake. Kijana wa kidato cha tatu mwenye soketi ukutani na simu mkononi anaziona video za wenzake wa ng'ambo wakipandisha cheche za zambarau katikati ya waya mbili, au wakiwasha moto wa kijani ndani ya bakuli, naye anataka kujaribu. Hamu hiyo ni njema na haifai kuzimwa. Swali ni majaribio yapi tumruhusu, yapi tumkatalie, na yamfikishe wapi.

Mambo haya mawili, moto wa rangi na tao la umeme, huwekwa fungu moja kwa sababu yote yanavutia macho. Kisayansi nayo yana undugu wa kweli, kama nitakavyoonyesha. Kwa hatari, hata hivyo, yako mbali sana. Mwalimu anayeyakataza yote mawili anawanyima wanafunzi somo la kemia la bei nafuu kuliko yote. Kijana anayeyajaribu yote mawili kwa moyo uleule anaweza asifike jioni.

Tuanze na moto, na kwa mkoa wa Kigoma moto wa rangi huanzia Uvinza. Kule kwenye chemchemi za maji ya chumvi, karibu na mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wanaakiolojia Sutton na Roberts walichimba hapo miaka ya 1960 na kukuta tabaka juu ya tabaka za vigae na majivu ya kazi hiyo. Chumvi hiyo ilivuka mito na mipaka, ikafika Burundi na Kongo. Wajerumani walipokuja walijenga kiwanda palepale. Chukua punje chache za chumvi, uzirushe kwenye moto wa jiko la gesi: mwali wa buluu unageuka njano kali papo hapo. Mama yeyote ambaye maji ya ugali yenye chumvi yamewahi kumfurikia jikoni ameiona rangi hiyo.

Njano ile ni ya sodiamu. Joto la mwali linaivunja chumvi na kuziachia atomu za sodiamu, kisha linazisukuma elektroni zake zipande ngazi ya juu ya nishati. Elektroni haikai juu. Inaporudi mahali pake inatoa mwanga, na kwa kuwa urefu wa ngazi ni uleule kila mara, rangi nayo ni ileile kila mara: kwa sodiamu ni mistari miwili iliyobanana, nanomita 589.0 na 589.6. Chumvi itoke Uvinza, Bagamoyo au Mombasa, mistari hiyo haibadiliki. Kila elementi ina ngazi zake. Kalisi, iliyomo kwenye chokaa ya kupakia nyumba, hutoa wekundu wa tofali. Potasiamu, iliyojaa kwenye majivu ya kuni na ya maganda ya ndizi, hutoa zambarau hafifu. Shaba hutoa kijani, na ikikutana na klorini hugeuka kijani chenye buluu.

Shaba hiyo ipo karibu zaidi ya watu wanavyodhani. Wakulima wa kahawa wa Kasulu na Buhigwe wanaijua dawa ya buluu ya kunyunyizia mibuni dhidi ya kutu ya majani na ugonjwa wa matunda, na madukani mrututu bado unauzwa. Zote ni chumvi za shaba, na ni sumu zikiliwa, kwa hiyo hazifai kushikwa kwa mkono mtupu wala kuachwa karibu na watoto. Lakini punje chache katika maji ya kijiko zinatosha darasa zima.

Mwaka 1859, mjini Heidelberg, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waliunganisha mwali safi na mche wa kioo, wakatambua kwamba rangi hizi ni alama za utambulisho wa elementi. Mwaka uliofuata waligundua sizi kwa mistari yake ya buluu, kisha mwaka 1861 rubidi kwa mistari yake myekundu, metali ambazo hakuna aliyekuwa amezijua. Mwaka 1868 mstari wa njano ambao haukulingana na sodiamu ulionekana kwenye mwanga wa jua. Ndipo heliamu ikapata jina lake kutokana na jua, miaka 27 kabla William Ramsay hajaipata hapa duniani. Leo gesi hiyohiyo inatafutwa katika bonde la Rukwa, kusini mwa Kigoma, tangu ugunduzi uliotangazwa mwaka 2016. Mwanafunzi anayeishia kukariri kwamba sodiamu ni njano kwa ajili ya mtihani wa NECTA ananyimwa habari hiyo yote, nami naona ni dhuluma.

Tatizo la shule nyingi si kwamba mada haipo kwenye muhtasari. Ipo. Jaribio la rangi ya mwali ni sehemu ya uchambuzi wa chumvi katika kemia ya sekondari na hujitokeza kwenye mtihani wa vitendo. Kampeni ya kujenga maabara katika shule za kata, iliyoshika kasi mwaka 2014 na 2015, iliacha majengo mengi kuliko vifaa. Waya wa platini ni ghali, asidi haidumu, gesi ya maabara haipo, basi mwalimu anachora jedwali la rangi ubaoni na wanafunzi wanalinakili.

Hakuna haja ya kusubiri platini. Vijiti vyembamba vya mbao vikilowekwa usiku kucha kwenye maji yenye chumvi husika, kisha kimoja kimoja kikapitishwa kwenye mwali wa buluu, rangi hutoka vizuri kabla mbao yenyewe haijaanza kuungua. Mwali wa buluu ndio sharti gumu, kwa sababu kuni na mkaa vina njano yao tayari. Hapo mitungi midogo ya gesi, ambayo serikali inaisambaza kwa Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, imeleta mijini na vijijini kifaa ambacho Bunsen angekitambua mara moja. Ukitaka kwenda mbali zaidi, CD ya zamani iliyowekwa ndani ya boksi lenye mwanya mwembamba hupasua mwanga kama mche wa kioo. Mshumaa utaonyesha upinde kamili wa rangi, na kijiti cha chumvi kitaongeza mstari mmoja wa njano uliosimama peke yake. Mtoto akiuona mstari huo kwa macho yake hahitaji kushawishiwa kwamba atomu zipo.

Kuna namna moja ya jaribio hili ambayo lazima ikataliwe bila majadiliano, nayo ndiyo inayopendwa zaidi kwenye video: kumwaga methanoli au spiriti kwenye mabakuli yenye chumvi, kuwasha, na kuongeza kioevu moto unapofifia. Mwali wa methanoli karibu hauonekani. Mwalimu akidhani umezimika na kumimina tena kutoka kwenye chupa, mvuke unashika, na chupa inarusha moto kwa walioketi mbele. Nchini Marekani, Septemba 2014, watu 13, wengi wao watoto, waliungua katika jumba la makumbusho la sayansi mjini Reno. Siku 12 baadaye wanafunzi wakaungua shuleni Denver. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya nchi hiyo ilikuwa imeshatoa filamu ya onyo mwaka uliotangulia. Waliomimina si watu wajinga.  Kijiti cha mbao kinatoa rangi ileile bila chupa yoyote kukaribia moto, na hiyo ni sababu tosha ya kuachana na spiriti. Vivyo hivyo kuchanganya unga wa fataki nyumbani: rangi zake ni kemia hiihii, lakini mchanganyiko wake unaweza kulipuka kwa msuguano tu.

Sasa tao la umeme. Hewa ni kizuizi kizuri cha umeme mpaka ipewe nguvu ya takriban volti 30,000 kwa kila sentimita. Hapo elektroni chache zilizo huru zinapata kasi ya kuzing'oa nyingine, hizo zinang'oa nyingine, na kufumba na kufumbua hewa imekuwa njia. Cheche ni tukio hilo la mara moja. Tao ni pale njia inapobaki wazi kwa sababu mkondo wa umeme unaendelea kuipasha moto. Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti inayohitajika hutegemea umbali na mgandamizo wa hewa kwa pamoja. Jambo hili lina maana ya pekee kwa Buha, yaani nchi ya Waha yenye Kasulu na Kibondo. Nyanda za Kasulu na Kibondo ziko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hadi 1,500 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Cheche inayohitaji volti 30,000 Kariakoo huruka kwa takriban 26,000 Kasulu. Wahandisi huanza kuzingatia punguzo hili kwenye vikombe vya nguzo na swichi kubwa mara wanapovuka mita 1,000. Anayejifunza Kibondo kwa vipimo vya video iliyopigwa kando ya bahari anajipa usalama asio nao.

Ukitaka kuuona undugu wa moto na tao, tazama kijiwe cha bodaboda. Pikipiki ikigoma kuwaka, fundi anafungua plagi, anaichomeka kwenye kofia yake, anaigusisha kwenye bloku ya injini na kupiga kiki. Anaitazama cheche. Ikiwa ya buluu na inayodunda, koili ni nzima. Ikiwa nyekundu au njano na dhaifu, anaanza kutafuta ugonjwa. Huo ni uchambuzi wa mwanga kabisa, uliofanywa bila maabara. Buluu ni ya naitrojeni ya hewa iliyosisimuliwa na nishati ya kutosha. Koili inatoa maelfu ya volti kwa mwanya usiofika hata milimita moja, kwa kuwa ndani ya silinda hewa imegandamizwa na cheche inapata kazi ngumu zaidi kuliko nje. Nishati ya kila cheche ni ndogo sana, ndiyo maana fundi akipigwa anaruka na kulaani, kisha anaendelea na kazi. Somo la volti kubwa likianzia hapa, mbali na petroli iliyomwagika, au kwenye kiwashio cha jiko la gesi chenye kutoa "tak" na cheche, litakuwa limeanza mahali sahihi.

Karakana ya kuchomelea ni darasa la pili, na lina funzo kinyume. Mashine ya fundi huishusha volti ya TANESCO mpaka chini ya 80, na tao likishawaka linakaa kwenye volti 20 hadi 30 tu. Nguvu iko kwenye mkondo: ampea 60, 100, hata 200. Volti hizo haziwezi kuruka hewa zenyewe, kwa hiyo fundi hugusisha kijiti na chuma kisha anakivuta nyuma kidogo, na tao linazaliwa kwenye mvuke wa metali. Joto lake ni maelfu ya nyuzi, linayeyusha chuma ambacho jiko lolote lisingekigusa. Mwanga wake umejaa miali ya urujuanimno inayounguza uso wa jicho. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga uliojaa machoni. Miwani ya jua haitoshi kuukinga. Naona vijana wengi mno wakishika chuma huku wamegeuza uso pembeni, na watoto wamesimama mlangoni wakitazama. Kinyago chenye kioo cheusi si anasa, na pazia mbele ya karakana si urembo.

Na rangi ya tao nayo hutaja metali. Nyaya za shaba zikigusana na kuleta shoti, mmweko wake una ukijani ule ule wa mrututu. Maabara za madini hutumia kanuni hii kila siku: sampuli ya mwamba huchomwa kwa tao, cheche au gesi ya argoni iliyopashwa mpaka ikawa plazima, na mwanga unaotoka unasomwa mstari kwa mstari kujua kuna nikeli kiasi gani na shaba kiasi gani. Kabanga, ambako kuna nikeli ya Ngara, haiko mbali na Kibondo. Kijana wa Kibondo aliyeelewa rangi ya kijiti chake ana haki ya kuota kazi katika maabara kama hizo.

Nikifika kwenye mashine za cheche za nyumbani, msimamo wangu ni mkali. Kitu kinachosambaa kwenye video ni transfoma iliyotolewa ndani ya maikrowevu. Inatoa takriban volti 2,000, ambazo zinaonekana chache kuliko za plagi ya bodaboda, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Plagi haina mkondo wa kuua. Transfoma hiyo inao mara kadhaa zaidi ya ule unaosimamisha moyo, na haikatizwi na fyuzi ya nyumba kwa sababu kwa fyuzi hiyo mtu anayekufa ni mzigo mdogo tu. Marekani, watu zaidi ya 30 wamekufa kwa kuitumia kuchora michoro ya matawi kwenye mbao, wakiwamo mafundi wazoefu. Runinga za chogo, zilizojaa vijiwe vya mafundi redio tangu watu wahamie skrini bapa, zina koili ya volti zaidi ya 20,000, na kioo chake hutunza chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Fundi mzoefu anajua kuitoa chaji hiyo. Mwanafunzi hajui, wala video haimfundishi kitu ambacho mpigaji wake hakukisema. Kuhusu laini ya TANESCO ya kilovolti 33 hakuna jaribio lolote. Cheche ikishaanza, hewa iliyopashwa moto hubeba tao mbali kuliko sentimita za kitabuni, na anayepanda nguzo kuiba mafuta ya transfoma au waya anaingia ndani ya tao ambalo hatalisimulia.

Lakini tao kubwa kuliko yote Buha halitoki Nyakanazi. Linatoka mawinguni, na hili ndilo ningependa wazazi na madiwani walisome kwa makini. Picha za setilaiti za mwaka 1998 hadi 2013 ziliiweka Kabare, katika Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela pekee. Kabare iko ng'ambo ya Burundi, na nyanda za Kigoma zimo ndani ya ukanda huohuo wa ngurumo. Radi moja hubeba ampea 30,000 hivi, na njia yake hufika joto la nyuzi 30,000, mara tano ya uso wa jua.

Shule ndizo zinazoumia, kwa kuwa huweka mamia ya watoto chini ya bati moja mchana wa mvua. Juni 28, 2011, katika shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo nchini Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Mkoani Geita, jirani zetu, nako wanafunzi wamewahi kufa kwa radi darasani. Novemba 2024 wakimbizi 14 waliuawa wakiwa ibadani Palabek, kaskazini ya Uganda. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996, na Nduta zilijengewa madarasa na makanisa ya mbao na turubai.

Bati lililokaa juu ya miti au ukuta wa tope halimlindi mtu, kwa sababu umeme ukishalipiga unatafuta njia ya kushuka, na njia iliyo karibu ni mwili wa aliyeegemea ukuta. Kinachotakiwa ni mtego wa radi uliofungwa vizuri: fito za juu, utepe wa shaba au alumini usiokatika, na ethi iliyozama kwenye udongo wenye unyevu. Udongo mwekundu ukiwa mkavu haupokei umeme kwa urahisi, kwa hiyo fimbo moja fupi iliyopigwa kando ya ukuta hufariji macho tu. Runyanya ilifungiwa kinga na mtandao wa ACLENet wenye makao Kampala, na shule nyingine za Uganda zikafuata. Hatuna sababu ya kusubiri msiba wa kiasi hicho ndipo tuige.

Wapo watakaosema radi hutumwa. Sitawadharau, maana aliyemzika mtoto hutafuta sababu inayotosha uzito wa msiba wake. Lakini imani hiyo ina mhanga wa pili, mara nyingi kikongwe wa jirani, na majaribio ya cheche ndiyo dawa yake ya upole. Mwalimu akichukua kiwashio cha gesi na kukikaribiza kwanza kwenye kichwa cha msumari, kisha kwenye sahani bapa ya chuma, darasa litaona cheche ikiipenda ncha iliyochomoza. Hapo wataelewa wenyewe kwa nini mwembe uliosimama peke yake uwanjani hupigwa na kwa nini chini yake si mahali pa kujikinga mvua. Wakihesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, kila 3 ni kilomita moja. Chini ya 30, waingie kwenye jengo imara na wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mtaala mpya uliotokana na sera ya elimu toleo la 2023 umefungua mkondo wa amali, na Kasulu ina chuo cha ualimu palepale mjini. Chuo hicho kimfundishe kila mwalimu wa sayansi jaribio la vijiti na la kiwashio kabla hajapangiwa kituo. Mafundi wa bodaboda na wa kuchomelea waalikwe shuleni kama wakufunzi, walipwe nauli na heshima yao. Halmashauri za wilaya za Kasulu na Kibondo zitenge fedha za mitego ya radi kwa shule zilizo juu ya vilima kwanza, na wanafunzi wa kidato cha nne wapime ethi hizo kila mwaka kwa usimamizi wa fundi umeme mwenye leseni. Mvua za Buha huanza Oktoba. Kazi hii ifanyike kabla.